Mchele, Asali na Maziwa: Asili ya Uji Mzito wa Katavi

Uji wa mchele unaochemshwa kwa maziwa hadi punje zilainike na kushikamana, kisha ukamiminiwa rojo la ukwaju, asali na karanga zilizokaangwa na kutwangwa, hauna asili moja katika nchi ya Mpanda, mkoani Katavi, kwa kuwa kila kiungo kilifika huko kwa njia yake na kwa wakati wake.

Kongwe kuliko vyote ni asali. Wakonongo wa Inyonga walitundika mizinga ya magogo na ya magome katika misitu ya miombo, na misitu hiyohiyo ndiyo iliyowanyima maziwa, kwa sababu ilikuwa makao ya mbung'o, yaani nzi anayeambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Mchele ulifuata njia za misafara: msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Kaze, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857, aliwakuta wafanyabiashara Waarabu wakiishi kwa chakula cha pwani, wali ukiwemo. Wazungu nao wakafuata: Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ikawa kituo cha Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa mapadre wa Shirika la White Fathers.

Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, iliyofunguliwa mwaka 1950, ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi, na ingawa mgodi ulifungwa mwaka 1960, njia ilibaki ikisafirisha mazao.

Hata hivyo, badiliko kubwa zaidi halikuletwa na Mzungu wala na reli. Kuanzia miaka ya 1970 Wasukuma walihamia bonde la Rukwa, hasa Mpimbwe, wakiswaga makundi makubwa ya ng'ombe na kulima mpunga kwa plau katika majaruba, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta ili maji ya mvua yatuame. Mkulima wa mpunga na mwenye maziwa wakawa mtu mmoja, na hapo ndipo chungu cha uji kilipokamilika. Kwa hiyo anayeuita uji huu chakula cha pwani tu anamsahau mfugaji.

Ustadi wa mpishi huonekana katika ukwaju: ukichemshwa pamoja na maziwa huyakatisha, basi rojo hupikwa peke yake na kumiminwa juu ya uji uliokwisha kuepuliwa.