Mwanafunzi wa baiolojia: nafasi za fildi na jinsi ya kusoma tarehe ya mwisho

Wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza ya baiolojia, wakitafuta pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, hukimbilia hospitali. Nafasi zipo kwingine pia. NIMR, iliyoanzishwa mwaka 1979, hutafiti magonjwa ya binadamu. TAWIRI, yenye makao makuu Arusha, hutafiti wanyamapori. TAFIRI hushughulikia samaki, TARI mazao ya kilimo. Taasisi ya Afya Ifakara, mkoani Morogoro, inajulikana kwa utafiti wa malaria na mbu.

Usisubiri tangazo. Andika barua ya maombi miezi mitatu kabla ya likizo ndefu. Kwanza omba chuoni barua ya utambulisho na nakala ya matokeo, maana hizo ndizo huchelewesha watu.

Kwa ufadhili wa masomo nje ya nchi, angalia saa pamoja na tarehe. Tangazo likisema saa 12:00 GMT, hiyo si saa kumi na mbili jioni wala saa sita usiku. Ongeza saa tatu upate 15:00, yaani saa tisa alasiri kwetu. Ukiituma jioni, umeshachelewa, na mfumo wa kompyuta hausikilizi maelezo.

Ukiwa kijijini, tuma siku tatu kabla. Mtandao au umeme ukikatika, bado utakuwa na muda wa kufika mjini.