Ushauri Rika Vyuoni: Msaada kwa Wanafunzi Wapya na Wanaohamia

Ushauri rika ni utaratibu ambao mwanafunzi mzoefu humwongoza mwenzake aliyejiunga karibuni na chuo, kwa kipindi maalumu na chini ya usimamizi wa Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Mzoefu huyo ni mwenyeji, si mhadhiri wala mlezi.

Haja ya utaratibu huo huonekana wazi katika Manispaa ya Temeke, kilipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE), kilichoanzishwa mwaka 2005 katika eneo la kilichokuwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe. Mwanafunzi anayetoka mkoani hutakiwa, ndani ya siku chache, kujisajili, kukamilisha taratibu za mkopo na, akikosa nafasi hosteli, kutafuta chumba Keko, Chang'ombe au Tandika. Matangazo humweleza yanayotakiwa. Mwenyeji humweleza lipi litangulie na mlango upi abishe hodi.

Msaada wa pili ni wa kitaaluma. Kwa vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, na mwaka wa masomo huwa na krediti 120, yaani saa 1,200. Saa hizo hujumuisha kujisomea. Mwanafunzi aliyezoea kengele ya sekondari huweza kudhani kuwa asipokuwa na kipindi yuko huru, hadi mitihani inapomfumania.

Anayehamia kutoka chuo kingine husahaulika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa wiki ya utambulisho huandaliwa kwa kuzingatia mwaka wa kwanza. Yeye hana budi kuhakikisha kuwa uhamisho wake umeidhinishwa, kwamba anajua masomo yapi aliyofaulu yanatambuliwa na chuo kipya, na kwamba taarifa zake katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) zinaonesha chuo anakosoma sasa. Kasoro katika jambo mojawapo huweza kumchelewesha kuhitimu au kumwacha bila fedha za kujikimu. Mwenyeji anayemfaa zaidi ni yule aliyewahi kuhama.

Ushauri rika una mipaka. Mwenyeji hamwandikii mwenzake kazi za darasani, hatunzi nywila zake na hapokei malipo. Suala la ugonjwa, msongo mkubwa wa mawazo au ukatili hupelekwa kwa wataalamu wa chuo, ikiwemo Dawati la Jinsia. Anayedaiwa rushwa ya ngono ili apewe alama asiachwe anyamaze: hilo ni kosa kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na taarifa hutolewa TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mwalimu mtarajiwa, kumsikiliza mwenzake na kumweleza jambo hadi alielewe ni mazoezi ya kazi inayomsubiri. Wanafunzi wapya na wanaohamia wanahimizwa kuulizia huduma hiyo katika Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi mara wanapojisajili, kabla tatizo dogo halijakomaa.