Kasulo: kilikuwa kisima ao choo?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia mliotoka Kasulo, sisi wote tunajua namna mambo yalianza. Mwaka wa 2014 mtu mmoja alichimba shimo ndani ya parseli yake, akapata jiwe la kobalti. Lakini shimo lilikuwa la nini? Mmoja anasema kisima, mwingine anasema choo. Hata wanahabari waliotoka mbali wameandika hivyo: huyu kisima, yule choo.

Je, kuna anayesema uongo? Si lazima. Jambo tulilosikia mara nyingi huchanganyika na lile tuliloona.

Kolwezi inajua hayo tangu zamani. Vita ya siku 80 ilikuwa mwaka wa 1977: Mutshatsha ilianguka, Kolwezi haikuanguka, na waaskari wa Maroko walikuja kusaidia Mobutu. Vita ya siku sita ilikuwa mwaka wa 1978: waasi waliingia Kolwezi tarehe 13 Mei, na waaskari wa Ufaransa wakaruka na parashuti tarehe 19 Mei. Mzee akiweka parashuti katika mwaka wa 1977, amekosea mwaka. Parashuti aliziona kweli.

Muulizaji pia anaweza kuharibu ushuhuda. Mwaka wa 1974, Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha watu filamu ya magari yakigongana. Kundi moja waliulizwa mwendo wa magari "yalipogongana", lingine "yalipopondana". Kisha juma moja wakaulizwa: mliona vioo vilivyovunjika? Havikuwako. Lakini katika kundi la kwanza 7 kati ya watu 50 walisema ndiyo, na katika la pili 16 kati ya 50. Neno moja tu lilileta vioo.

Kwa nini hayo yanatuhusu? Mwaka wa 2017 wakaaji wa sehemu ya Kasulo walihamishwa, ukuta ukajengwa, na mahali pale pakawekwa mikononi mwa kampuni CDM. Anayetaka kudharau familia hizo atasema: hawapatane juu ya tarehe wala makuta, basi ni waongo. Hapana. Watu wawili wasiopatana juu ya siku ukuta ulianza wanapatana kwamba nyumba ilikuwa pale.

Basi tujilinde. Kila mmoja aandike ushuhuda wake kwanza, mbele ya kukaa pamoja na majirani. Atenganishe "niliona" na "niliambiwa". Kama hakumbuki tarehe, aseme mtoto gani alikuwa amezaliwa, ao alikuwa darasa gani. Karatasi ya parseli na picha za nyumba zitunzwe vizuri. Na anayeuliza asimwambie shahidi jibu: asiseme "waliwafukuza saa ngapi?", aseme "siku ile ilikuwa namna gani?"

Kisima ao choo, parseli ilikuwa na mwenyewe.