Kabla Hujalipia Kozi ya Video: Tujifunze kwa Lori la Vugiri

Msimu huu wengi mmeniuliza kuhusu kozi za video zinazouzwa kwenye simu: ufugaji wa kuku, kilimo cha nyanya, hesabu za duka. Mnachouliza karibu wote ni kimoja: "Je, mwalimu wake anajua?" Ni swali zuri, lakini si la kwanza. Kwanza uliza somo lenyewe litakufikiaje. Mwalimu anaweza kuwa hodari, nawe ukaishia kutazama kiduara kinachozunguka kwenye kioo mpaka bando linakata, na hela ya kozi hairudi.

Tatizo hili ni la zamani kuliko simu. Tukiangalia waliotutangulia tutajua cha kuuliza.

Lori la Vugiri, 1935

Mwaka 1935, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, lilianza jaribio la kufundisha wanavijiji kwa filamu. Liliongozwa na Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35. Kulikuwa na ya kahawa iliyopandwa chini ya kivuli cha migomba, ya ngozi, ya minyoo ya safura. Moja ingewafaa wafanyabiashara hata leo: kibarua anafukia akiba yake na mwizi anaichukua, lakini mwenzake aliyeweka benki ya posta anabaki na fedha zake.

Lori lilibeba projekta na vifaa vyake likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani. Maneno hayakuwa ndani ya filamu. Yalirekodiwa kwenye santuri, kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Hivyo picha moja ilifaa makabila mengi. Lakini santuri ikipishana na picha, unasikia habari ya mche huku unaona ngozi. Tena ulikuwa wakati wa ukoloni, na waliochagua cha kufundisha hawakuwa wakulima.

Kasoro kubwa zaidi ni hii: lori likiondoka, somo liliondoka nalo. Aliyesahau kipimo cha nafasi kati ya mche na mche hakuwa na pa kurudia.

Setelaiti ya kuazima, 1975

Miaka 40 baadaye, India ilijaribu njia nyingine. Kuanzia Agosti 1975 hadi Julai 1976, vijiji 2,400 vilipokea masomo ya kilimo na afya kwa runinga, moja kwa moja kutoka setelaiti ya Marekani iitwayo ATS-6. Antena zilikuwa za wavu kama ule wa banda la kuku, upana wake kama mita 3. Kazi ilifanyika vizuri, lakini setelaiti ilikuwa ya kuazima kwa mwaka mmoja. Mwaka ulipoisha, mwenyewe akaichukua.

Hapa kwetu, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya haikutegemea picha inayotembea. Ilikuwa na redio, kitabu kidogo na kikundi chenye kiongozi aliyefundishwa. Watu wapatao milioni 2 walishiriki kwa wiki 12, na vyoo vikachimbwa. Kipindi cha redio kilipita hewani, lakini kitabu kilibaki nyumbani na kikundi kilibaki kijijini.

Somo linalobaki

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na intaneti ikaongezeka kasi. Hata hivyo, waliofanikiwa kufikisha video vijijini hawakutegemea kasi hiyo peke yake. Nchini India, mradi wa Digital Green, ulioanza 2006, uliwarekodi wakulima wenyewe shambani, kisha video ikaonyeshwa kwa kikundi kwa runinga na deki, baadaye kwa projekta ndogo za betri. Mwezeshaji alisimamisha video, akauliza swali, akaendelea. Mwaka 2012 ikatoka programu ya KA Lite, iliyowezesha shule kuhifadhi masomo ya video kwenye kompyuta moja, wanafunzi wakayatazama bila intaneti.

Mnaona kinachofanana? Video ilishushwa mara moja, ikahifadhiwa, ikarudiwa.

Sasa piga hesabu

Video inayokwenda kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 7.5 kila dakika. Somo la dakika 10 ni MB 75, na kozi ya masomo 20 ni MB 1,500. Ukirudia kila somo mara moja mtandaoni, ni MB 3,000. Ubora ukishushwa hadi kilobiti 300 kwa sekunde, somo lile lile ni MB 22.5, na kozi nzima MB 450. Sauti peke yake kwa kilobiti 32 ni kama MB 2.4 kwa dakika 10. Kwa kuonyesha jani lenye ugonjwa unahitaji picha safi. Kwa mtu anayeongea tu, sauti inatosha.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma hela, muulize muuzaji:

1. Kozi nzima ni MB ngapi, na je, naweza kuchagua ubora wa chini?
2. Naweza kupakua na kutazama bila bando, au lazima niwe mtandaoni kila mara?
3. Nikilipa, masomo ni yangu kwa muda gani? Kumbuka setelaiti ya kuazima.
4. Inafunguka kwenye simu yangu, yenye nafasi niliyo nayo? Omba somo moja la majaribio, ulijaribu ukiwa nyumbani kwako, si mjini.
5. Kuna maandishi ya vipimo na tarehe ninayoweza kunakili kwenye daftari?

Akikosa jibu la swali la pili, mimi nisingelipa.

Mkiwa kwenye kikundi, kubalianeni na muuzaji kwanza, kisha mmoja apakue pale mtandao unapokuwa mzuri na mtazame pamoja siku ya mkutano. Chajini simu mapema. Simamisheni video kila dakika chache, mjadili, mwandike. Video ikiisha, nendeni shambani mkajaribu tuta moja kabla ya kugeuza shamba zima.

Kazi njema.