Denti wawili tu

"Denti wawili tu! Wawili tu!" Konda amesimama mlangoni, mkono umeziba njia. Sisi tuko ishirini hapo Kimara Mwisho. Wanaobaki wanapiga mguu.

Nilisoma sekondari katikati ya miaka ya 2000, na safari hiyo hadi Ubungo, zaidi ya kilomita tano pembeni mwa Barabara ya Morogoro, nimeitembea mara nyingi. Mvua ikinyesha, viatu mkononi. Siku moja nilimweleza mwalimu wa zamu kwamba konda alinikataa. "Ungeamka mapema," akasema, akachukua fimbo. Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja.

Nilimchukia yule konda kwa miaka. Siku hizi namuona kama mtu aliyebebeshwa deni lisilo lake. Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini, maana mabasi ya UDA hayakutosha. Nauli ya mwanafunzi ikapangwa iwe ndogo, jambo jema, ila ile tofauti hakuna aliyeifidia. Mwenye gari alitaka hesabu yake jioni, kamili. Dereva na konda walikula kinachozidi. Kila denti aliyekaa kitini aliwapunguzia mlo.

Na baiskeli? Kimara ni vilima na mabonde, na baiskeli tulizoziona barabarani zilikuwa za wauza mkaa kutoka Pwani, magunia yamewazidi kimo. Lori likipiga honi, mtu anaruka mtaroni na mzigo wake. Mzazi gani angemtuma mwanawe humo? Msichana wa sketi ya shule juu ya baiskeli sikuwahi kumwona, hata mmoja.

Mwaka 2016 mwendokasi ulianza kati ya Kimara na Kivukoni. Wakati huo mtu mzima alilipa shilingi 650, mwanafunzi 200, na mlangoni hakuna konda wa kuhesabu madenti. Pembeni ikajengwa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. (Bodaboda nao waliipenda.) Kisha kuelekea Kibaha barabara ikapanuliwa hadi njia nane.

Juzi alfajiri nilisimama Temboni. Watoto watatu wenye sare walikuwa wanangoja kuvuka, wameshikana mikono, mkubwa wao kama wa kidato cha pili. Walivuka nusu, wakasimama katikati. Nikaangalia saa. Dakika nne.