Kansa ya Shingo la Kizazi: Yale Muuguzi Anapaswa Kujua Kabla ya Kumjibu Mama

Marko 5 inatuonyesha mama aliyetokwa damu miaka 12. Kabla ya kumgusa Yesu alikuwa amepita kwa waganga wengi bila nafuu. Leo pia, mama wa kanisa letu anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, huanza kwa muuguzi wa kituo cha karibu. Akijibiwa vibaya, anarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Kanisa la Kristo katika Kongo linasimamia hospitali na vituo vya afya vingi. Kwa hiyo ujuzi wa wauguzi na wakunga ni jambo letu sisi sote. Tunataja mambo manne.

Chanzo. Karibu kansa zote za shingo la kizazi zinaletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa njia ya ngono. Vimeenea sana, hata mke mwaminifu anaweza kuvipata. Basi tusimhukumu mgonjwa kuwa mzinzi.

Chanjo. Inafaa zaidi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajakutana na virusi. Tangu 2022, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linakubali dozi 1 au 2 kwa umri huo. Mwenye virusi vya SIDA apewe angalau 2, na 3 ikiwezekana. Chanjo haifungi uzazi. Wala haiponyi maambukizi yaliyokwisha kuingia. Jirani zetu wa Rwanda waliianza mwaka 2011.

Uchunguzi. Tusingoje dalili. Mwanamke aanze kupimwa akiwa na miaka 30. Mwenye virusi vya SIDA, miaka 25. Pasipo maabara, muuguzi aliyefundishwa anapaka asidi kama ya siki kwenye shingo la kizazi. Sehemu yenye shaka inageuka nyeupe, na inaweza kutibiwa kabla haijawa kansa. Aliyechanjwa pia atapimwa akifikia umri huo.

Rufaa. Damu isiyo ya kawaida haitoshi kupewa vidonge tu. Mama achunguzwe, na ikibidi atumwe hospitali mapema.

Wachungaji wenzetu, tumuulize mkuu wa kituo chetu: wauguzi wamefundishwa haya? Kisha, siku ya ibada ya akina mama, tumpe muuguzi dakika 10 azungumze. Mama akijua mapema, anaweza kupona.