Kanisa la Zamani la Kidia na Wajibu Wetu wa Kulitunza

Wana wa Israeli walipokwisha kuvuka Yordani, Yoshua alisimamisha mawe kumi na mawili huko Gilgali, ili watoto watakapouliza maana ya mawe hayo, wazazi wao wawe na jibu. Usharika unapotimiza miaka mia moja huulizwa swali lilo hilo. Kwa sisi tulio wa Old Moshi, jibu haliwezi kuanzia kwetu. Lazima lianzie Kidia, kwa kanisa la zamani ambalo kengele yake iliwaita babu na bibi zetu.

Injili ililetwa Moshi kwanza na Waanglikana wa CMS mwaka 1885, katika enzi ya Mangi Rindi. Mwaka 1892 mwanawe, Mangi Meli, aliyashinda majeshi ya Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akafa vitani. Serikali ya Kijerumani iliwashutumu Waanglikana kuwa walimuunga mkono Meli, nao wakalazimika kuondoka. Mwaka 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa, Meli akashindwa. Mwaka huohuo wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro, wakaanza kazi Machame, kisha Mamba mwaka 1894. Mwaka 1896 wakafungua kituo cha Kidia.

Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa hapa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, wakishtakiwa kupanga njama dhidi ya serikali. Familia yake husimulia kwamba kichwa chake kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani, nao wameendelea kukitafuta. Basi tusisahau kwamba usharika wa kwanza ulikua miongoni mwa watu waliokuwa katika msiba, na kwamba waliohubiri habari ya msamaha walikuwa wa taifa moja na walionyonga. Babu zetu waliijua tofauti kati ya Injili na serikali ya wakoloni, lakini hawakuijua pasipo maumivu.

Kuanzia mwaka 1910 mpaka 1938, isipokuwa miaka ya 1920 hadi 1925, Kidia ilihudumiwa na Mchungaji Bruno Gutmann. Aliandika sana juu ya mila na sheria za Wachaga, akafundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vipawa vya Mungu ambavyo Kanisa lijengwe juu yake. Agano Jipya katika Kimochi, alilolifanyia kazi, lilitolewa mwaka 1939. Hata hivyo tusimsifu yeye peke yake. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa mwaka 1920, walimu na wazee wa Kanisa wenyeji ndio walioendelea kufundisha na kukusanya watu kwa ibada. Mwaka 1934 Wachaga wa kwanza waliwekwa wakfu kuwa wachungaji, na tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa moja la Kilutheri nchini.

Sasa nani atalitunza kanisa hili? Wengi hudhani ni kazi ya Serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yale ya baadaye hulindwa pale tu Waziri anapoyatangaza. Makanisa yote ya wamisionari wa Leipzig yako upande huo wa pili. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni baraza la wazee wa usharika.

Ninaandika haya kwa toba. Katika usharika mmoja niliohudumu nikiwa kijana, tulilikuta kanisa dogo la mawe lenye kuta zinazobanduka. Nilikubali lipigwe plasta ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta, nasi tukapongezana. Baada ya masika chache kuta zililowa kwa ndani, kwa maana saruji huuzuia unyevu usitoke, wakati chokaa ya wazee wetu iliuachia njia. Mawe yakalegea. Mwishowe tulilibomoa, tukajenga kubwa zaidi. Mjane mmoja mzee alichukua jiwe moja akaenda nalo nyumbani. Sikuwa na neno la kumwambia.

Nawasihi basi wazee na washarika: kagueni paa na mifereji kila mwaka kabla ya masika, ondoeni miti iliyo karibu na msingi, angalieni mchwa katika mbao, zibeni nyufa kwa chokaa, si kwa saruji. Daftari za ubatizo, kipaimara na ndoa zitunzwe mahali pakavu, na nakala yake iwekwe kwingine. Idadi ya waumini ikiongezeka, jengeni kanisa jipya kando, na la zamani libaki kwa ibada za asubuhi na mafundisho ya watoto, maana jengo lisilotumika huharibika upesi.

Na siku watoto watakapouliza maana ya mawe haya, waelezwe yote: walimu waliobaki peke yao mwaka 1920, na Mangi aliyenyongwa mwaka 1900. Bwana aliyewatunza baba na mama zetu katika yote hayo atupe na sisi uaminifu wa kuyasimulia.